Mulima Uliokuzwa na Masini

Sikio langu la kuume lilikufa kazini, mu shimo kubwa la kampuni, inje ya muji. Bantu banasema ni bahati mbaya. Hapana. Ni shefu wetu wa ekipe, alilipua mawe bila kupiga filimbi kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Njo maana mutoto wa binti yangu, wa miezi mitatu, alipoacha kushituka mulango ukipigwa, mi nilisema bamupeleke ku hospitali.

"Tata, we unaona biziwi kila fasi," binti yangu akanijibu. Lakini tulienda.

Muuguzi alimutia mutoto kampira kadogo mu sikio. Masini inasukuma upepo kidogo na kutoa sauti, na mustari unajichora mu kioo.

"Kwa batoto badogo hivi tunatumia sauti nyembamba," alisema. "Ile nzito ya bakubwa inadanganya. Mustari ukipanda mulima, ngozi ya ndani inatingizika muzuri. Ukilala, kuko maji nyuma yake."

Mustari ulipanda mulima. Binti yangu akaanza kufunga mutoto mu mugongo.

Mi masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primere. Kusoma bioo bya masini nilijifunzia kwa banunuzi ba mawe ya madini, kule Kasulo. Munegosia, yule munuzi, anaweka kamasini kake juu ya jiwe lako, kanaonyesha namba anayoitaka yeye. Basi sisi bachimbaji tulikuwa na desturi: unakuja na jiwe unalolijua, unadai lipimwe la kwanza, uone kama masini inasema kweli. Banegosia bale balikuwa bezi, nasema wazi, na nilibazoea.

Pale ku banki, kiti kirefu cha kungojea, kulikuwa mama mwengine. Mutoto wake alikuwa ametoka kupimwa vilevile, sauti ileile, na kila mutu aliona namna alivyogeuka mama yake akimuita.

"Pimeni tena na ule mutoto, kama jiwe tunalolijua, tuone," nikamwambia muuguzi.

"Tata, mutoto wangu si jiwe!" yule mama akacheka. Lakini akamuleta.

Mulima ukapanda. Urefu sawasawa na wa kwetu. Binti yangu akanitazama kama vile nimemukosea heshima mbele ya bantu.

"Soma namba za pembeni," nikamwambia muuguzi.

Alisoma. Kwa ule mutoto namba zilifika juu. Kwa wetu zilikuwa ndogo sana. Masini ilikuwa imewekwa ijitafutie kipimo yenyewe, na katuta kadogo inakavuta mpaka kanajaza kioo. Alibonyeza mara mbili, akaweka kipimo kimoja kwa bote wawili. Mulima wa ule mutoto ulibaki. Wa kwetu ulilala.

"Nani aliacha masini hivi?" aliuliza.

Ni yeye. Asubuhi tulimuona akiiwasha, akibonyeza huku anaongea na telefone. Nilimwambia hivyo.

Akamupima mutoto wetu tena. Mustari ukalala tena.

"Ni kiziwi?" binti yangu akauliza.

"Maji, mama. Maji si uziwi. Lakini docta amuone leo, si kesho. Yakikawia pale, ataanza kusema kwa shida."

Akaandika karatasi. Binti yangu alifungua tena kitenge, akashusha mutoto, akaketi mu foleni ya docta, ku banki ileile. Yule mama mwengine akasogea na kumupa nafasi ya kuweka mufuko.

Nilitaka kusema kitu.

"Tata, usiniongeleshe sasa," akasema.

Nikaketi pembeni yake. Tulingoja mpaka bakamuita.