Dirisha la Upande wa Njiapanda

Nyumba tuliyokulia pale Karatu mjini ilikuwa ya tofali za udongo, na jikoni kulikuwa na dirisha dogo lililotazama upande wa Njiapanda. Baba alikuwa akinunua vitunguu Mang'ola na kuvileta kwa lori kwa njia hiyo. Mama akiona vumbi linatimka kule, hubandika chai bila kuuliza mtu. Baba akishuka, kikombe kipo. Harufu ile ya tangawizi iliyochanganyika na ya magunia naikumbuka hadi leo, na nikiwa mbali huitamani kuliko chakula.

Nilipohitimu uhandisi wa majengo, wazee waliamua kuibomoa nyumba ile na kujenga ghorofa: maduka chini, sisi juu. Kazi ya kuchora ikaniangukia, nami nikaifanya kwa maringo. Mbele kote ni milango ya maduka, kwa hiyo hapakuwa na ukuta wa kulishika jengo, na huku kwetu Bonde la Ufa halilali. Ardhi ikitikisika, jengo la namna hiyo huyumba. Nikaweka ukuta mzima wa zege upande wa Njiapanda, toka msingi hadi juu, bila tundu hata moja.

Mama aliitandaza ramani mezani, akaweka kidole pale pale.

"Dirisha langu liko wapi?"

"Mama, ukuta huu ndio unaolishika jengo. Siutoboi."

"Sasa baba yenu nitamwonaje akija?"

"Si ana simu?"

"Simu!" Mama alicheka kwa dharau. "Baba yenu akisema amefika Njiapanda, ujue ndiyo kwanza anapakia."

Nikamweleza tena, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Hakubisha. Alikunja ramani akaenda kuchambua mchele. Mama yangu akibisha, una nafasi, akinyamaza, umekwisha.

Nikairudia kazi kwa hasira. Niliugawa ukuta ukawa kuta mbili zenye mwanya wa dirisha katikati, mwanya huo huo kila ghorofa, na juu ya kila dirisha nikapitisha boriti nene ya kuzishikanisha, ili ardhi ikitikisika zibebane. Hesabu zikakubali. Nondo zilisongamana hadi fundi akaniuliza, "Injinia, tunajenga nyumba au benki?" Nikamwambia amwage zege, asinichoshe.

Miaka ikapita, magoti ya baba yakagoma. Sasa mama ndiye anayefuata vitunguu, kwa lori la kukodi. Juzi nilikwenda kuwasalimia, nikamkuta baba peke yake jikoni, kiti amekisogeza hadi dirishani.

"Shikamoo baba. Mama hajarudi?"

"Marahaba. Bado." Hakugeuka. Macho yake yalikuwa barabarani. Nilisimama nyuma yake tukatazama pamoja.

"Miaka yote ile," akasema, "nilidhani mwenye safari ngumu ni mimi."