Dobi wa Chini ya Bwawa: Shuka Likikauka Ndipo Linaposema

Kucha zake ndizo zilizobadilika kwanza. Zilianza kuingia rangi pembeni, kahawia hafifu kama chai iliyosahaulika kikombeni, na kila alipozisugua kwa jiwe zilizidi kukolea. Hakumwambia mtu. Alidhani ni ugonjwa, na ugonjwa wa kucha si jambo la kumpeleka dobi hospitali.

Asubuhi hii kucha hizo zinashika shuka jeupe ndani ya maji ya mto. Jua limeshapanda na mawe ya kufulia yameanza kupata joto, lakini maji yenyewe ni baridi ya kuuma mifupa. Msichana analikung'uta shuka, analizamisha, analikamua, kisha anaweka viganja kwapani kidogo vipate uhai. Halafu anaendelea.

Ana miaka ishirini na miwili. Wenzake wanamwita Kimya, na ukikaa naye muda mfupi huna haja ya kuuliza sababu. Ukimsalimia, anajibu akiangalia beseni.

Jiwe la pili anafua mwanamke wa makamo anayeitwa Shangazi Redio. Si shangazi wa damu. Walihamishwa pamoja, wakapangiwa nyumba zinazotazamana, udugu ukaota hapo. Hilo la redio amelipata kwa haki.

"Huyu ukimngoja aseme utazeeka," anamwambia mpita njia aliyewasalimia, huku akimrushia Kimya maji mgongoni. "Niulize mimi. Betri zangu haziishi."

Kimya anacheka bila sauti, anaficha uso begani.

Mzigo ulio mbele yake ni mashuka ya gesti iliyopo kando ya barabara kuu. Ndiyo kazi kubwa aliyonayo. Mzigo mmoja unanunua unga wa siku nne, mafuta ya kupikia na mkaa wa pasi. Nguo za majirani ni za kuokoteza, leo zipo, kesho mtu anafua mwenyewe.

Wiki iliyopita mwenye gesti, ambaye watu wote humwita Mama Gesti, alimpa onyo la mwisho: mashuka yakirudi tena na madoa, asijisumbue kuja kuchukua mengine.

"Nikiikosa gesti, sina pa kushika," anasema Kimya. Sauti yake ni ndogo kiasi kwamba maji karibu yaimeze.

Kufua alirithi kwa mama yake. Zamani familia iliishi juu zaidi, katika bonde la udongo mwekundu ambalo sasa limelala chini ya ziwa la bwawa. Mchana maji ya mto yalikuwa vuguvugu, anakumbuka. Wakati wa mvua kubwa mto ulifurika, ukaingia mashambani, na ulipoondoka uliacha tope jipya ambalo halikuhitaji mbolea. Mama yake alifua mashuka ya zahanati, na watu walisema weupe wake unaumiza macho.

Kimya alikuwa darasa la tano malori yalipokuja kuwahamisha. Walishushwa chini ya bwawa, kwenye nyumba za mistari zenye namba za rangi ukutani. Nyumba zilikuwepo, shule haikuwepo. Ilipofunguliwa miaka miwili baadaye, yeye alikuwa amerefuka.

"Niliingia siku moja," anasema. "Dawati lilikuwa dogo, magoti yakawa yanagonga. Watoto wakacheka. Nikarudi kumsaidia mama kusuuza."

Walilipwa fidia ya nyumba na ya miti ya matunda. Kuhusu mto hakuna aliyeuliza.

"Mto haukuwa wa mtu," anasema Shangazi Redio. "Ukiwa wa wote, si ndiyo wa bure? Wakauchukua bure."

Mto waliouacha na mto waliokabidhiwa ni mto mmoja, ila haufanani. Samaki wameadimika. Tope haliji tena, linabaki limekwama juu ya ukuta wa bwawa, kwa hiyo maji yanayoshuka yana njaa na yanakula kingo. Ukingo uliokuwa mteremko wa kutembea sasa umekatika wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Wanawake wamechonga vidato vya udongo ili washuke, na kila baada ya muda vinaporomoka.

Tena mto haufuati mvua siku hizi, unafuata swichi. Jioni watu wa mijini wakiwasha taa, mitambo hufunguliwa na maji hupanda ghafla hata kama mbingu ni kavu. Mwaka jana yalimchukua mwanamke aliyekuwa akichota maji, akaokotwa mbali. King'ora kipo, lakini kipo kambini kwa wafanyakazi wa bwawa. Huku chini sauti yake haifiki.

"Mimi yalinichukulia beseni," anasema Shangazi Redio. "Bila shaka limeshafika baharini. Limetembea kuliko mimi."

Umeme wenyewe unapita juu ya makazi yao, kwenye nguzo ndefu za chuma zinazonguruma usiku na mchana. Chini ya nyaya hizo Kimya anapiga pasi ya mkaa.

Maji ya baridi ndiyo yaliyomaliza mikono ya mama yake. Vidole vilikakamaa, magoti yakafuata, na tangu ukingo ukatike hajaweza kushuka mtoni. Hajauona mto kwa miaka miwili. Anachokiona ni mashuka yanaporudi nyumbani, na akiyaona husikitika.

"Ananiambia nina haraka," anasema Kimya. "Ananiambia sijui kusuuza."

"Nawe unamjibu nini?" anauliza Shangazi Redio.

"Namwambia, ndiyo, mama."

Madoa yalianza polepole. Mwanzoni alidhani ni kamba ya kuanikia, akaibadilisha. Akadhani ni sabuni, akaacha ya mche akatumia ya unga. Mwishowe akaongeza jiki. Alianza na vifuniko viwili, ikafika nusu chupa. Leo ameamua kumaliza ubishi: anamimina chupa nzima kwenye beseni, harufu inapanda hadi machozi yanamtoka, na anayaloweka mashuka humo kabla ya kuyasuuza upya mtoni.

Yanatoka meupe pe. Shangazi Redio anapiga vigelegele. Kimya anayaanika, halafu anakaa chini kwenye kivuli chake mwenyewe, akiyatazama.

"Shuka likiwa bichi linakudanganya," anasema. "Likikauka ndipo linaposema."

Jua linafanya kazi yake. Pindo zinakauka kwanza. Kisha, taratibu, katikati ya shuka la kwanza unatokea ukungu wa kahawia, unatanda kama wingu, na kwenye la pili vilevile. Kimya hasimami. Hata Redio amezima.

Alasiri anayabeba hivyo hivyo, yamekunjwa vizuri na kupigwa pasi, hadi gesti.

Mama Gesti anampokea uani. Pembeni yake fundi bomba amepiga magoti, anaunganisha paipu mpya ya kisima kirefu kilichochimbwa mwezi uliopita. Mama Gesti anakunjua shuka la juu, analiinua kwenye mwanga.

"Binti, hiki nacho unakiitaje?"

"Samahani, mama."

"Samahani hailaliwi. Mgeni akifunua kitanda akakuta hivi, ataniuliza aliyemtangulia alikuwa anafanya nini humu."

"Samahani, mama."

"Nilimjua mama yako kwa weupe. Angeyaona haya?"

Kimya anaangalia vidole vya miguu yake. Ni fundi anayeingilia, bila kuinuka.

"Mama, usimwonee mtoto wa watu. Tazama hii." Ananyanyua kipande cha paipu ya zamani, ile iliyokuwa ikivuta maji ya mto. Ndani imejaa gamba nene, la kahawia kama ugoro. "Nani amefua humu?"

Mama Gesti anachungulia, anakunja pua.

"Ni kutu ya ardhi," anasema fundi. "Bwawa linatoa maji ya chini kabisa, yale yasiyoona jua. Kule chini kuna udongo, kuna miti imeozea humo. Yakitoka ni meupe, yakikutana na hewa ndiyo yanageuka rangi." Anamgeukia Kimya. "Dada, unatia jiki?"

"Natia."

"Nyingi?"

"Leo chupa nzima."

Fundi anatoa mluzi. "Basi umelipika kabisa. Jiki ndiyo inayolishikiza hilo doa. Ukizidisha, nalo linazidi."

Kimya anapiga hesabu kichwani. Miezi yote hiyo, kila alichokipunguza kwenye hela ya unga wa ugali akakiongeza kwenye jiki, alikuwa akiyachafua mashuka kwa dawa ya kuyasafisha.

Mama Gesti anapumua kwa nguvu. Ukali umempungua, lakini uamuzi haujapungua. "Nimekusikia, fundi. Ila mgeni siwezi kumkalisha nimsimulie habari za bwawa. Ijumaa mashine ya kufulia inaletwa." Anamlipa Kimya mzigo wa mwisho, anamwongezea na mche wa sabuni. "Msalimie mama."

"Asante, mama. Zimefika."

Nje ya geti fundi anamkimbilia, mikono bado inachuruzika maji. Kambi ya bwawa, anamwambia, inatafuta mtu wa kufua ovaroli za mafundi wa mitambo. Ni za bluu nzito. "Zile hata uzifulie topeni hazikusemi."

Ovaroli za watu wanaofungua maji. Njia nzima Kimya anaibeba habari hiyo kama mzigo ambao hajui aupandishe kichwani au autue. Shangazi Redio, aliyekuwa akimngoja njiani, anaipokea kwa kicheko kisicho na furaha.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu, mwanangu," anasema. "Nenda. Na ukifika huko waulize king'ora chao wamekielekezea wapi."

"Niulize mimi?"

"Aa, wewe! Sawa, tutakwenda wote. Wewe utabeba ovaroli, mimi nitabeba mdomo."

Wanakubaliana kwenda Jumatatu. Wakikataliwa, Kimya ana wazo jingine la kukinga maji ya bati mvua zikianza, afue angalau mashuka ya zahanati mpya. Mvua zenyewe bado ziko mbali, na pipa hana. Analisema hilo na kulinyamazia papo hapo, kama mtu aliyetaja jina la marehemu.

Nyumbani mama yake amekaa mlangoni, mikono yake iliyokakamaa imelala mapajani. Anautazama mkono mtupu wa bintiye, usio na mzigo mwingine wa kufua, na anaelewa kabla ya kuambiwa.

"Amekukataa."

"Amenunua mashine, mama."

"Nilikuambia. Suuza mara tatu, usiwe na haraka. Kama ningekuwa na mikono yangu, mashine ingekuja kufanya nini hapa?"

Kimya anafungua mdomo kusema lile neno lake la siku zote. Shangazi Redio, aliyekuwa anavuka kuelekea kwake, anasimama katikati ya njia.

Neno halitoki. Kimya anachuchumaa mbele ya mama yake hadi macho yao yanalingana.

"Mto umebadilika, mama. Hujauona siku nyingi. Maji wanayatoa chini, kule tulikokuwa tunakaa. Doa lile ni udongo wa kwetu, ule mwekundu. Unashuka na maji, unaingia kwenye mashuka."

Mama anazitazama kucha za kahawia za bintiye. Juu yao nyaya zinanguruma.

"Siyo haraka," anasema Kimya, na sasa sauti yake inasikika hadi nyumba ya pili. "Nasuuza mpaka vidole vinakufa ganzi. Mama, mimi najua kufua."