Chaguo Langu la Kwanza

Arbab, mwajiri wetu hapa Dubai, aliponiambia nimchagulie watu sita wa kupeleka Oud Metha, ilinipasa kukataa. Maneno ya kukataa yalikuwepo, tena mepesi: arbab, mimi ni mbeba mizigo kama wao, chagua mwenyewe. Sikuyasema. Nilisema, "Hadir, arbab," yaani ndiyo bwana, na nilitoka ofisini kwake nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mwaka ule nilikuwa naondoka. Mke wangu alikuwa Tanga, anaumwa moyo, na daktari alishamwambia asipande hata ngazi. Nilikuwa nimeomba kufutiwa viza nirudi nyumbani moja kwa moja. Arbab alikubali, ila alitaka kwanza nimpatie hao watu sita na niwafundishe kazi. "Ukimaliza, mwezi wa saba unakwenda zako," alisema. "Lakini hawa ni watu wako. Akiharibu mmoja, nakuuliza wewe." Kwenye kampuni yetu ndivyo ilivyokuwa. Aliyekutaja ndiye aliyekudhamini, hata kama hakuna karatasi.

Aliniona najua watu kwa sababu ya mpira wa kikapu. Niliucheza sekondari, nikaishia kidato cha nne na kwenye timu ya shule, lakini kuupenda sikuacha. Kila mwaka mwezi wa sita, ligi ya kulipwa ya Marekani huwa na siku ya kuchagua chipukizi. Timu huita wachezaji kwa zamu, zile dhaifu zikitangulia, na kijana akishaitwa hana la kusema. Anavaa kofia ya timu iliyomwita, anapiga picha, anahamia mji asiowahi kuufikiria. Sisi tulitazama marudio Jumapili mchana chumbani kwetu kambini Al Quoz, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya maji. Kesho yake, wakati wa chakula ghalani, nilisimama katikati ya maboksi ya viyoyozi nikizipa timu alama kati ya kumi, moja baada ya nyingine, na watu wakanizunguka.

Mwaka ule nilikuwa na mengi. Timu ya kwanza ilichukua kijana wa miaka kumi na tisa, mikono mirefu kama ya popobawa, anaruka mpaka unaogopa. Alikuwa hajui kurusha mpira vizuri, lakini niliwapa tisa. Nilisema kurusha kunafundishwa, urefu haufundishwi. Timu ya tatu niliwapa mbili. Walikuwa na majitu mawili tayari chini ya kikapu, wakaongeza la tatu, na hawana hata mtu mmoja wa kuwapa mpira. "Hao wanajenga mnara wa simu," nilisema, na watu wakacheka.

Karibu na mwisho timu moja ilimwita mchezaji wa miaka ishirini na tatu, aliyemaliza chuo chote. Hana mbio wala haruki, ila anajua kusimama mahali pake. Niliwapa tatu. Hapo rafiki yangu akanikatiza. Alikuwa mtu wa Mombasa, kitanda chake chini ya changu, tumelala chumba kimoja miaka mingi kuliko niliyolala na mke wangu.

"Wewe bwana, huyo ndiye atakayecheza mechi ya kwanza," alisema. "Yule wako wa kuruka atakuwa amekaa benchi akijitazama viatu."

"Huyo ameshafika alipofika," nikamjibu. "Hana cha kuongeza. Timu inachagua kesho, haichagui jana."

"Haya, mwalimu. Na hiyo kesho ikikataa kuja?"

Watu walicheka tena, safari hii upande wake. Arbab alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Anaelewa Kiswahili, mamake alilelewa Unguja. Siku mbili baadaye ndipo aliponiita ofisini.

Kazi ya Oud Metha ilikuwa kuhudumia jengo la kliniki: kusukuma vitanda na mashine, kufungua maboksi, kutengeneza kilichokwama. Ndani, kwenye ubaridi. Kila mtu Al Quoz aliitaka. Rafiki yangu aliitaka kuliko wote kwa sababu kifua chake kilikuwa kimeanza kukataa joto la ghala. Hakuficha.

"Na mimi je?" aliniuliza tukiwa kwenye basi la kampuni.

Alikuwa mtu pekee niliyemjua anayeweza kushusha kiyoyozi ghorofa nne kwa ngazi bila kugusa ukuta. Nililijua hilo. Lakini nilishaanza kufikiri kama zile timu. Nilitaka arbab aone nina jicho. Nilimweka wa kwanza kijana wa Mwanza, mrefu, mwepesi, anajua Kiingereza, hajatimiza hata miezi minane Dubai. Waliofuata nao niliwachagua hivyo hivyo. Arbab alipouliza mbona yule mzee wa Mombasa hayumo, nilimjibu kwa Kiarabu changu cha kazini, ili nionekane sina upendeleo: khalas, miguu yake imekwisha.

Rafiki yangu alipojua hakugomba. Alisema tu, "Umeniruka kama zile timu zako," akageukia dirisha.

Wale sita nilianza nao kazi. Kijana wa Mwanza alijifunza upesi kuliko wote na nilijivunia. Siku moja tumekaa kwenye ngazi za nyuma za kliniki, akaniuliza, "Mzee, wewe umekaa hapa muda gani?" Nilipomwambia, akasema, "Mimi siwezi, mzee wangu. Usinichukie." Nilidhani ni maneno ya ujana. Wiki iliyofuata hakupanda basi la asubuhi. Alikuwa ameikimbia kampuni. Wengine walisema yuko Ajman, anaendesha gari la mtu.

Arbab hakupiga kelele. "Mtu wako yuko wapi?"

"Sijui, arbab."

"Basi wewe chukua nafasi yake mpaka apatikane mwingine. Ukimfundisha huyo mwingine, unakwenda."

"Mke wangu anaumwa, arbab."

"Mungu amponye. Bukra tutazungumza, inshallah."

Bukra, kesho ile ya arbab, ilikuwa ndefu. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la ofisi, na viza ni kampuni peke yake inayoweza kuifuta. Nilivaa sare ya yule kijana, suruali inanifika chini ya visigino, nikasukuma vitanda vya wagonjwa wa watu. Nilipompigia mke wangu simu nilimwambia ni mambo ya karatasi. Alisema, "Njoo tu, mume wangu. Karatasi zitakukuta huku." Sauti ilikuwa ya mtu anayepumzika kila baada ya neno.

Rafiki yangu ndiye aliyenionea huruma. "Nenda kamwambie arbab anichukue mimi," alisema. "Mimi sihitaji kufundishwa. Kesho asubuhi wewe unafunga begi." Sikuwa na uso wa kumtazama, lakini nilikwenda. Nilimsifu mbele ya arbab kwa mambo yote ambayo ningeyasema mwanzo: ngazi, kuta, miaka ile yote bila kuvunja kitu.

Arbab alinitazama kama anayetazama mtu mwenye homa. "Wewe ndiye uliyeniambia miguu yake imekwisha. Sasa imeota mingine?"

"Nilikosea, arbab."

"Ulikosea kwa yule, ukakosea kwa huyu. Mara hii nachagua mimi. Subiri."

Nilisubiri. Hakuna aliyenifungia mlango. Basi lilinichukua asubuhi na kunirudisha jioni, na kila mahali niliporuhusiwa kwenda palikuwa ni pale pale. Mwezi wa saba ulipita, wa nane ukapita. Mtu mpya alifika mwezi wa tisa. Siku ya tatu ya kumfundisha, nikiwa nimeshika kitanda upande wa kichwa, simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa shemeji yangu wa Tanga, ananiambia mke wangu amefariki. Walimzika alasiri ile ile, kama inavyotakiwa, na niliona kaburi kwenye picha.

Viza yangu arbab alikuwa tayari kuifuta wiki hiyo hiyo. Nilimwambia aiache. Nipo Al Quoz mpaka sasa. Rafiki yangu alirudi Mombasa na kifua chake, na hatuzungumzi. Si yeye aliyekataa, ni mimi ninayeona haya kupiga.

Mke wangu alinisubiri zaidi ya miezi miwili kwa sababu nilitaka kuonekana mtu anayejua kuchagua. Ningekataa, au ningemtaja rafiki yangu, ningefika Tanga akiwa hai. Sikufika. Alikufa ananiulizia, na mimi nilikuwa nasukuma kitanda cha mtu mwingine.