Mawe ya Kwa Bale

Mpaka leo neno moja likitajwa mbele yangu damu hunichemka: kaburi.

Juu ya kijiji chetu, karibu na Mboko, kulikuwa na mteremko mkavu wa kulishia mbuzi na ng'ombe wachache wa chifu. Majani makali, miiba, na katikati yake marundo ya mawe ambayo hata bibi yangu aliyakuta. Mengine yalimfika mtu kifuani. Hakuna aliyejua yalianzishwa na nani. Tulichojua ni kwamba ukipita unaokota jiwe, unaliweka juu, unaendelea na safari yako. Na aliyekufa kwa ndui, kwa kuwa hakuruhusiwa kuzikwa karibu na nyumba, alipelekwa huko. Ndugu yangu mdogo alikwenda hivyo kabla hajaanza kutembea. Rundo lake lilikuwa dogo, pembeni ya moja kubwa, na mama alilikuza jiwe kwa jiwe kila alipopanda kutafuta kuni.

Hatukupaita makaburini. Kaburi lilikuwa la misheni, lenye msalaba na padri; Waislamu wa mji wa Baraka nao walikuwa na yao. Kule juu tulisema tu "kwa bale", yaani kwa wale, kwa sauti ya chini, basi.

Miaka ya hamsini, nikiwa nimekwisha kuolewa, akaja Mzungu wa kuchunguza mambo ya kale, na mkalimani aliyevaa soksi mpaka magotini. Wanaume wakaitwa. Mzungu akauliza, mkalimani akageuza: "Hii mawe ni makaburi?"

"Hapana, bwana," wakajibu wanaume wetu kwa pamoja, kwa heshima zote. "Makaburi iko kule ku misheni."

Walisema kweli! Hilo ndilo linaloniuma. Mama akasogea mbele akasema, "Mutoto wangu iko pale." Mkalimani hata hakumgeukia Mzungu. "We mama, banaume bamesha sema hapana."

Kuuliza si ujinga, wanasema. Na kuuliza mara moja, ukaridhika, ukafunga mizigo, kunaitwaje? Mzungu alifukua rundo moja kubwa, akapata vigae vya chungu, akavifunga vizuri katika pamba. Vigae alivionea huruma.

Msimamizi wa barabara aliposikia kuwa si makaburi, akatuma watu wakabebe mawe. Yalijenga ngazi za gite, nyumba ya kulala wageni wa serikali, pale barabarani. Rundo la ndugu yangu lilikuwa karibu na njia. Walianza na hilo. Tulipopanda tulikuta udongo mtupu na mavi ya mbuzi. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, nikawatukana wanaume wa kijiji kizima, mume wangu akiwemo.

Tangu hapo, kila alipopita gite na kuni zake, mama aliokota jiwe akaliweka chini ya ngazi. Mlinzi akalifagia. Akaweka jingine. Siku moja tukiwa pamoja, mlinzi akamfokea: "Mama, sababu gani unaleta uchafu ku nyumba ya bazungu?"

Wageni wawili walikuwa wameketi kwenye ngazi, wakinywa kahawa. Mama akatua mzigo wake.

"Si uchafu," akasema. "Ubaambie basimame. Banamukalia mutoto wangu."

Mlinzi akawatazama wageni, akatutazama sisi, akashika ufagio kulifagia jiwe la mama.