Vipande Vyetu Kabatini kwa Bwana

Enzi za Mwingereza nilikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja, Msasani. Nyumba ilikuwa mbali na watu. Uani tulikuwa wawili tu, mimi na mzee wa bustani. Sote tulitoka Ungoni, na jioni tulizungumza Kingoni, tukicheka mambo ambayo mjini yasingemchekesha mtu.

Siku tulipoajiriwa, Bwana alichukua vipande vyetu, vile vyeti vya kazi, akavifungia kabatini. Bila kipande hukuweza kupata kazi kwingine, na askari akikukuta barabarani, wewe ni mhuni.

Habari zikaja kwamba mke wa mzee amepofuka, hana hata wa kumtekea maji. Mzee akaomba kipande chake aende kwao. Bwana akamwambia asubiri mvua zipite. Zikapita, akaambiwa asubiri tena. Mzee akawa hasemi hata tunapokula.

Bwana aliposafiri, nikamshauri mzee twende mjini kwa ofisa wa kazi. Hatukufika. Darajani askari alitudai vipande. Tukasema viko kwa mwajiri. Akatupeleka kituoni, tukafungiwa.

Kesho yake tulisimamishwa mbele ya Mzungu mkuu wa kituo. Maneno nilikuwa nimeyapanga mimi. Mzee ndiye aliyesema.

"Mie si mhuni, Bwana. Nina kazi na nina mke. Aliyenifanya mhuni ni huyo aliyefungia kipande changu."

Yule Mzungu akaniuliza kama ni kweli. Nikaapa. Akatuachia, na Bwana wetu aliporudi safari akaagizwa aturudishie vipande vyetu. Alivirudisha bila kututazama.

Nilimsindikiza mzee hadi bandarini, akapande meli ya Lindi, njia ya kwetu. Nilitamani nipande naye, lakini wazazi wangu walikwisha kufa na shamba letu lilikuwa linalimwa na wengine. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usikae mno kwa watu, mwanangu," akasema.

Nikarudi Msasani. Bwana hakunifukuza, maana alipenda mikate yangu, ila tangu hapo amri zake nilizipata kwa mkewe. Mtu mpya wa bustani alikuwa mwenyeji. Akimaliza kazi anakwenda zake kwake. Uani nikabaki peke yangu. Mara nyingine, nikikanda unga, nilijisikia nasema Kingoni, maneno ya kawaida tu: lete kuni, moto unazimika, mvua inakuja. Kisha nikanyamaza, nikaendelea kukanda.