Tumeipokea

Gerson wa Ipole hakuwahi kumkatalia mgeni neno, na adabu hiyo ndiyo iliyommaliza. Usimcheke. Ipole iko kwenye njia ya zamani ya misafara, na watu wake wanakaribisha wageni tangu enzi za wapagazi na pembe za ndovu. Mgeni akisema, mwenyeji husikiliza na kujibu kwa upole. Akishaondoka, ndipo watu wa nyumbani huambiana ukweli.

Alikuwa mrina asali, mtoto wa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, mingine aliichonga mwenyewe, mingine aliachiwa na baba yake, yote imetundikwa juu ya miyombo huko porini. Asali hiyo ilimsomesha binti yake Levina mpaka akafungua steshenari mjini Sikonge. Kisha ikaja kanuni: asali ya mizinga ya magogo isiuzwe tena sokoni, iuzwe ya mizinga ya masanduku peke yake. Walioitunga walisema ni kwa ajili ya ubora. Huenda. Ila gogo huchongwa na sanduku hununuliwa, na Gerson alichokuwa nacho ni mikono tu.

Kanuni ikiwa bado mpya, alikuja mtafiti kutoka Dar es Salaam, binti mmoja mstaarabu aitwaye Mwanahawa. Alitoa shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akaonjeshwa asali, akalamba vidole bila kuona haya. Gerson akampenda.

"Baba, hii kanuni mpya mmeipokeaje?" aliuliza.

Gerson alitazama chini. "Tumeipokea, mwanangu."

Kwao neno hilo lina kazi yake. Mtu akiletewa habari ya kifo hamlilii aliyeileta, maana naye ametumwa tu. Humwambia, tumeipokea. Kilio kina wakati wake. Mwanahawa alitabasamu, akaandika, akaaga, na Gerson akamfungashia asali ya njiani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Wahenga hawakuwahi kutembelewa na mtafiti.

Msimu ulipopita na ndoo zikabaki zimejaa nyumbani, asali ikiganda, warina wenzake walimtuma Gerson kwenye ofisi ya wilaya, mjini Sikonge. Waliomba jambo dogo: waruhusiwe kuuza asali waliyokwisha kurina, ili wanaoweza wapate kununua masanduku. Afisa aliyempokea aliitwa Shigela, na hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, kisha akamgeuzia kompyuta.

"Kikao cha kuipitia kanuni kilishakaa, mzee. Walitaka kujua kama kanuni imewaumiza watu. Kuna ukurasa huu mtandaoni, wanakusanya tafiti za kanuni za serikali na jinsi zinavyogusa uchumi. Yeyote anaufungua, hata aliye Ulaya. Habari ya Ipole ipo moja tu. Soma, muhtasari wake ni wa Kiswahili."

Gerson alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Wafugaji nyuki wa Ipole wameikubali kanuni mpya.

Alirudia kusoma. Hasira ilimpanda, na hasira hiyo ilimtia aibu, kwa kuwa alikuwa ugenini.

"Mimi sikusema tumeikubali," alisema. "Nilisema tumeipokea."

Shigela alikwepa macho yake. "Najua, mzee wangu. Mimi ni wa Bukene, nimezika wazazi wote wawili, neno hilo nalijua. Lakini kikao kinasoma kilichoandikwa."

Hapo ndipo palipomuuma Gerson. Angekuwa hajui, angeelimishwa. Huyu alijua, na kujua kwake hakukuwa na faida yoyote.

Alikwenda moja kwa moja kwenye steshenari ya Levina. Binti aliutafuta ukurasa ule, akaukuta, na chini kabisa palikuwa na mahali pa kuwaandikia wenyewe.

"Andika," Gerson alisema akiwa amesimama. Safari hii upole aliuacha mlangoni. "Andika kwamba hatujaikubali. Kanuni hii imetuua. Neno nililompa mtoto wao lilikuwa neno la msiba, naye akalifanya la harusi. Walifute, waandike nilichosema."

Levina aliandika huku akifuta macho kwa upindo wa khanga. Hakuwahi kumsikia baba yake akisema na wageni namna hiyo. Akatuma. Gerson hakuwa hata amekaa, jibu likaingia.

"Wamejibu?" Uso wake ulichangamka. "Upesi hivi? Kumbe ni watu wazuri. Wanasemaje?"

Levina alilitazama jibu lile. Alijua ni mashine tu inayojibu kila mtu, na hakutaka kulisoma.

"Soma, mwanangu."

"Tumepokea ujumbe wako," Levina alisoma. "Asante."

Gerson alitikisa kichwa taratibu, akachukua kofia yake mezani.

"Basi hawajakubali," alisema.