Mzee amechonga jina juu ya chipu

Wasee, nimeisha.

Mliniambia nifungue ile kompyuta yangu kuukuu, niwasomee namba za chipu ya picha na za memori, ndio mnitafutie spea. Leo nimeifungua, hapa nyumbani mtaa wa Fedha.

Hakuna namba hata moja!

Kila chipu imechongwa MUTUA, jina letu la familia. Hata zile ndogo za memori!

Kumbe babangu aliogopa mafundi wangetubadilishia chipu, akaipeleka kompyuta kwa jamaa mmoja anayechonga namba za gari kwenye vioo ili visiibwe. Jamaa akakwangua namba zote ndio apate nafasi ya jina.

Kuna mwenye mashine kama hii anisomee zake? Tafadhali.

Nimemwuliza mzee, karibu nilie, "Baba, sasa nitajuaje hii ni chipu gani?"

Akavaa miwani, akainama.

"Si imeandikwa? Ni yetu."